Kitambaa cha Nikeli cha Yoramu Ndahani

Jumatatu tarehe 12 Januari 1998, saa kumi na mbili kamili asubuhi, Yoramu Ndahani aliunganisha nyaya mbili za chaja na vipande viwili vya kitambaa vilivyozamishwa ndani ya sanduku la betri ya lori, akanitazama, nami nikaandika saa. Alizitenganisha saa mbili usiku. Zilikuwa saa kumi na nne. Alirudia hivyo kila siku, Jumapili zikiwemo, kwa siku thelathini na moja, na siku ya thelathini na mbili aliishia saa sita mchana. Ukijumlisha unapata saa mia nne arobaini. Ukiondoa saa tisa ambazo umeme ulikatika mtaani kwetu Chang'ombe, Dodoma, zinabaki mia nne thelathini na moja. Alihitaji mia tano.

Nimeziweka hesabu hizo mwanzoni kwa sababu ndiyo sehemu ya maisha yake ninayoifahamu kwa uhakika. Daftari lilikuwa mikononi mwangu. Mengine nilisimuliwa na yeye mwenyewe, au na mkewe Evelina, ambaye mara nyingi alimsahihisha akiwa bado hajamaliza sentensi.

Alizaliwa Gulwe mwaka 1944. Baba yake alikuwa kibarua wa njia ya reli, na Yoramu alikuwa akisema kwamba alijifunza kusikiliza chuma kabla hajajifunza kusoma, kwa kuwa baba yake aligonga reli kwa nyundo na kutambua ufa kwa mlio wake. Alisoma hadi darasa la nane. Mwaka 1975 aliajiriwa katika karakana moja ya umma hapa Dodoma, katika chumba cha kuchovya. Kazi yake ilikuwa kuvisha chuma ngozi nyembamba ya nikeli: bampa za magari, vitasa, miguu ya vitanda vya hospitali. Chuma kilioshwa kwanza katika pipa la kostiki ya moto, dawa kali inayokula mafuta na uchafu, kisha kikaning'inizwa katika pipa la nikeli, umeme ukapitishwa, na baada ya muda kikatoka kinang'aa. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na tisa. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, bampa zikaanza kuingia kutoka nje zikiwa tayari zinang'aa, na kuchovya bampa ya zamani kukawa usumbufu usio na maana. Mwaka 1994 chumba kilifungwa na watu wote wanne wakapunguzwa. Msimamizi wao, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuwapa, aliwaruhusu kugawana vipande vya nikeli vilivyobaki chini ya mapipa. Yoramu alipata kilo kumi na nne. Alivifunga katika gunia na kuvibeba kwa baiskeli mpaka nyumbani.

Nyumbani alifungua kibanda cha kuchaji betri na kulehemu rejeta za magari. Kulehemu kulihitaji moto mkali, na moto mkali ulihitaji mitungi ya gesi kutoka Dar es Salaam. Mvua zikizidi, reli hukatika karibu na kwao Gulwe, na mitungi hukaa njiani wiki nyingi huku rejeta zikirundikana kibandani. Hapo ndipo alipokumbuka jambo ambalo kila mchovyaji hulijua na kulipuuza: kwamba umeme ukipita katika maji yenye kostiki, mapovu hutoka, na mapovu ya upande mmoja ni haidrojeni, gesi inayowaka. Kule kazini mapovu hayo yalihesabiwa kuwa hasara. Yeye aliamua kuyakusanya.

Alianza na sahani za chuma. Upande wa haidrojeni zilivumilia, lakini upande wa pili zililika na kuyageuza maji kuwa rangi ya kutu. Akajaribu kuzivisha nikeli. Zikadumu, ila mapovu yalikuwa machache, na kilo kumi na nne zisingetosha hata mashine tano. Wazo la kitambaa lilimjia mwaka 1996 akiwa anaanua nguo.

"Sahani ina nyuso mbili basi," alinieleza nilipokuja kupanga baraza yake kwa ajili ya cherehani yangu. "Kitambaa kina maelfu ya nyuzi, na kila uzi una uso wake unaouzunguka. Nikeli kidogo, nafasi kubwa. Wewe uliyesomea ushonaji, niambie kama nakosea."

Nilikuwa na cheti cha ufundi stadi cha ushonaji na miaka ishirini na mitatu ya umri. Nilimwambia hakosei. Ni kweli hakukosea.

Njia yake ilikuwa hivi. Alichukua kaki nzito ya pamba, akaichemsha mpaka wanga wote wa dukani ukatoka. Alivunja betri za tochi zilizokufa, akatoa vile vijiti vyeusi vya ndani, akavisaga katika kinu mpaka vikawa unga laini, na unga huo akausugua katika kitambaa hadi kikaweza kupitisha umeme. Kisha akakichovya katika nikeli. Kilitoka na rangi ya kijivu, kikikunjika kama turubai jembamba, na ukikizamisha na kukipa umeme kilitoa mapovu madogo sana kila mahali kwa wakati mmoja, kama uji unaoanza kuchemka. Gesi ilipita katika mpira mpaka kwenye chupa ya maji, ili moto usiweze kurudi nyuma, na kutoka hapo hadi kwenye bomba jembamba la shaba. Mtaani waliuita moto wa maji.

Mbwana, mwenye duka la jirani, hakupita asubuhi bila kusimama.

"Shikamoo, fundi. Maji yameshaiva?"

"Marahaba. Yanakaribia. Lete unga."

"Ugali wa umeme? Hapana, sisi watu wa Kondoa tunapikia kuni."

"Ndiyo maana kwenu kumebaki makorongo."

Mbwana alicheka mpaka akashika nguzo, na kesho yake akarudi na swali lilelile.

Mwishoni mwa mwaka 1997 alikuja Bwana Castory, ofisa aliyetumwa kuzungukia mafundi wadogo. Kulikuwa na karakana mpya ya pamoja iliyokuwa ikijengwa pembeni mwa mji, yenye umeme wa uhakika na mapipa makubwa, na nafasi moja tu ilikuwa imebaki. Castory aliutazama moto wa maji ukiyeyusha risasi ya kulehemu, akaridhika, kisha akauliza swali la haki: kitambaa kinadumu muda gani? Yoramu hakujua. Wakakubaliana. Kitambaa kikifanya kazi saa mia tano bila kuharibika, na saa hizo zikiandikwa vizuri, nafasi itakuwa yake. Castory angerudi Jumatano tarehe 18 Februari.

Kwa mtu wa miaka hamsini na mitatu aliyekwisha kuambiwa mara moja kwamba kazi yake haihitajiki, hiyo haikuwa nafasi ya kawaida. Hakusema hivyo. Alinunua daftari jipya na kunikabidhi.

Ijumaa tarehe 2 Januari aliniletea kaki mbili zilizokwisha kuchemshwa. Zilihitaji pindo refu juu, na ndani ya pindo upite waya wa kugawa umeme, ili kitambaa kining'inie juu ya waya wake kama pazia.

"Uzi uwe wa pamba," alisema.

"Wa tetroni ndio imara, mzee."

"Imara kwa shati. Kostiki inaila tetroni. Kule kazini tulikuwa na Mustapha, mtu wa kujipenda sana. Akaja na suruali ya tetroni, siku nzima anarukiwa na matone ya pipa la kuoshea. Jioni anapanda baiskeli, suruali ikabaki kwenye tandiko."

"Mwongo huyu," alisema Evelina kutoka jikoni. "Ilibaki nusu."

"Wewe ulikuwepo?"

"Mkewe ndiye aliyeishona. Muulize yeye ilibaki kiasi gani."

Tulicheka wote watatu. Nayakumbuka maneno yale neno kwa neno, kwa hiyo siwezi kudai kwamba sikuambiwa.

Nilitafuta uzi wa pamba kwa siku tatu. Nilipita maduka yote ya Chang'ombe, kisha sokoni mjini, kisha kwa wale wanawake wanaouza vifungo na zipu kando ya stendi. Kiwanda kilichokuwa kikitoa uzi ule kilikuwa kimefungwa, na mahali pake rafuni palijaa rangi zote za uzi wa tetroni, ule usiotokana na pamba, kutoka nje, laini, imara, usiokatika hata ukiuvuta kwa mikono miwili. Mwenye duka mmoja alinitazama kana kwamba nimeomba mafuta ya taa ya mwaka jana.

Jumanne tarehe 6 nilikaa mbele ya cherehani na kuwaza kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa. Suruali ya Mustapha ilirukiwa na kostiki ya moto. Yetu itakuwa baridi. Suruali haikuwa na kinga. Uzi wetu utavishwa nikeli pamoja na kitambaa. Chuoni tuliambiwa kwamba mshono hauna budi kuwa imara kuliko nguo. Hoja tatu, na zote zilionekana nzuri. Ile ya nne sikuiandika popote: kwamba niliona haya kurudi kwa mtu aliyeniamini na kumwambia kuwa mimi, mshonaji mwenye cheti, nimeshindwa kupata uzi. Nilishona kwa tetroni nyeupe, mishono miwili sambamba, matundu kumi na mbili ya sindano kwa kila inchi. Sijawahi kushona pindo zuri kuliko lile.

Jioni aliyainua yale mapindo juu kwenye mwanga.

"Uzi umepata?"

"Nimepata uzi imara, mzee."

Aliitikia kwa kichwa. Hakuuliza zaidi, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kudhani kwamba jibu langu lilichongwa.

Wiki ya kwanza nilitazama mishono kila asubuhi kabla Yoramu hajafika. Ilikuwa mizima. Wiki ya pili niliitazama mara mbili. Wiki ya tatu sikuitazama tena, nikaamini kwamba hoja zangu zimeshinda. Jambo ambalo sikulipima ni joto. Umeme wenyewe ulikuwa ukiyapasha maji moto, na chini ya bati la mwezi wa pili sanduku lilikuwa halishikiki kwa mkono ifikapo mchana. Nayo nikeli haikuwa imeushika uzi ule hata kidogo, kwa sababu unga mweusi huteleza juu ya tetroni. Ningelijua hilo kama ningeuliza.

Saa ya mia nne ilipotimia, Evelina alileta karanga na Yoramu akakaa juu ya rejeta ya trekta, mikono juu ya magoti.

"Nikiingia kule," alisema, "nitachonga pipa la urefu wa kanga. Nichovye kanga nzima."

"Kanga ipi?" Evelina aliuliza. "Zangu uziache."

"Yako ile yenye jogoo. Itoke inang'aa, uvae kanisani."

"Nivae nipigwe na radi."

Siku mbili baadaye, Alhamisi tarehe 12 Februari, Yoramu alikuwa nje akimfungia mteja betri. Mimi nilikuwa ndani na daftari. Saa sita kamili mshale wa ampea uliruka hadi mwisho. Chaja ilinguruma, maji yakafoka, na kabla sijaufikia mkono wa swichi kulikuwa na mlio mfupi mkavu na harufu ya pamba iliyoungua. Nilizima. Nikafunua. Kitambaa cha upande mmoja kilikuwa kimeanguka kutoka kwenye waya wake na kukilalia kingine, na mahali vilipogusana palikuwa na tundu lenye kingo nyeusi, pana kama kiganja. Pindo lilikuwa limefunguka kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilipitisha kijiti majini kutafuta uzi. Ulikuja juu kama ute wa mlenda, ukakatika kwa uzito wake mwenyewe.

Yoramu aliingia, akasimama, akalitazama lile tundu kwa muda mrefu. Kwa bahati mbaya alilitazama tundu, wala hakuliangalia pindo.

"Nikeli imeachia," alisema. "Unga haukuishika. Imepasuka, ikala umeme."

"Pole, mzee," nilisema.

Hayo tu ndiyo niliyosema. Niliandika "431" na kupiga mstari chini yake.

Bwana Castory alikuja tarehe 18 kama alivyoahidi. Yoramu alimvalia shati safi na kumwekea kile kitambaa juu ya meza, tundu likiwa juu, ili asidhaniwe kwamba anaficha. Castory alipitia daftari ukurasa baada ya ukurasa.

"Mia nne thelathini na moja si haba, mzee wangu. Mimi naweza kuandika kwamba umeme ulikusumbua. Nikuombee wiki tano, ushone kingine, uanze upya?"

"Hapana, Bwana Castory."

"Mbona unakataa mapema hivyo?"

"Kosa lingekuwa la kifaa, au la mkono wa mtu, ningeomba siku. Ningekuomba mwenyewe bila haya. Lakini kosa ni la wazo lenyewe. Kitambaa hakiishiki nikeli. Nikichukua nafasi ile nitakuwa nimemnyima mtu ambaye kazi yake inasimama. Andika kwamba hakidumu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, hatua tatu kutoka mezani. Castory alinigeukia mimi mwenye daftari.

"Na wewe dada, una la kuongeza?"

Nilisema: "Hesabu za saa ni sahihi."

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi tangu siku ile. Halina uongo hata kidogo.

Castory aliandika, akatia saini, akaaga kwa masikitiko. Ijumaa tarehe 20 alipita mnunuzi wa vyuma chakavu, na Yoramu akampa nikeli yote iliyobaki, pamoja na sahani za kwanza na lile pipa dogo. Evelina alitaka kumzuia. "Viache, havili chakula," alimwambia. Alijibu kwamba hataki kuviona.

Siku nane baada ya Castory kuja, Alhamisi tarehe 26, sikuweza tena kukaa katika baraza ile. Nilimkuta anafagia kibanda kilichobaki kitupu. Nilimwamkia, akaitikia, nikaweka mbele yake kile kitambaa na kijiti chenye ule ute uliokwisha kukauka.

"Nikeli haikuachia, mzee. Tazama hapa, na hapa. Kila mahali imeshika, isipokuwa palipoungua. Ulioachia ni uzi. Nilishona kwa tetroni."

Aliweka ufagio. Alikichukua kitambaa, akakikunja, akakikunjua, akapitisha ukucha juu ya nikeli. Kisha akafuatisha pindo kwa kidole, tundu moja la sindano hadi jingine.

"Wa pamba hukuupata."

"Nilitafuta siku tatu. Haupo mjini."

Kisha akashika ukingo wa ile kaki, pale ulipochanika, akavuta taratibu. Uzi mmoja ulitoka, mrefu, mzima, wa pamba. Akavuta wa pili.

"Kitambaa chenyewe ni uzi, mwanangu," alisema. "Ungefumua humu humu."

Nimeshika nguo tangu utoto, na sikuwa nimewaza hivyo.

"Jumatano ile," aliendelea, "Castory alipokuuliza. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ulinisikia nilivyomwambia? Kwamba lingekuwa kosa la mkono wa mtu ningeomba siku?"

"Nilisikia."

Hakupaza sauti. Nilitamani apaze. Alizizungusha zile nyuzi mbili kidoleni mwake, akazivua, akaziweka juu ya meza karibu yangu, kisha akachukua ufagio na kumaliza upande uliobaki.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa Bwana Castory na kumweleza kila kitu kwa utaratibu, pamoja na tarehe. Alinisikiliza hadi mwisho. Aliniambia kwamba nafasi ilikwisha kutolewa Jumatatu kwa fundi wa mashine za kukamua alizeti, mtu mwenye kazi nzuri, na kwamba hata isingetolewa, mzee angehitaji nikeli. Aliuliza ipo wapi. Nilimwambia. Akafunga faili.

Mwezi Aprili Yoramu alihamia Hombolo, akawa mlinzi wa shamba la zabibu la mtu mwingine. Kibanda akakipangisha. Kabla hajaondoka nilimwomba vile vitambaa, akasema nichukue. Nilikata sehemu iliyoungua, nikapunguza kilichobaki hadi ukubwa wa vitambaa viwili vya mkononi, nikashona pindo upya kwa nyuzi nilizofumua kwenye ukingo wake, na nikawa naviunganisha na betri ya gari kwa saa nne kila siku, isipokuwa Jumapili.

Ijumaa tarehe 26 Februari 1999 vilitimiza saa elfu moja na thelathini na sita, na bado vilikuwa vinatoa mapovu. Nilimwandikia barua Hombolo nikamtajia idadi hiyo. Evelina alinijibu kwamba mzee ameisoma, kwamba hajambo, na kwamba hakusema kama atakuja kuviona.